Pikipiki Iliyokataa Kuvuka Feri

Ukipanda kutoka feri ya Likoni na kushika njia ya mchanga iendayo Mtongwe, huna budi kupita mbele ya benchi la Bwana Saa, na ukipita bila kuamkia, utajadiliwa mpaka adhuhuri. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili. Upande wa kulia hukaa Bwana Saa na dele lake la kahawa. Jina lake ni Gona, lakini ana saa ya mfukoni iliyosimama tangu kabla ya vita, na kwa kuwa aliifungua mwenyewe akaifunga bila kubakiza hata skrubu moja, anajihesabu fundi. Katikati hukaa Mzee Bwika, aitwaye Kadhi, si kwa kusoma bali kwa kuhukumu. Kushoto hukaa Nzai Tarishi, ambaye hupeleka barua za ofisi moja kule kisiwani na hurudi na habari zisizokuwamo ndani ya barua. Hatua chache kutoka hapo, chini ya kipande cha makuti, Bi Mwanarehema hukaanga mahamri. Yeye hana jina la utani. Hakuna aliyewahi kukaa akamfikiria kiasi hicho.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa pili tangu vita viishe, na pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya benchi kama mshitakiwa. Ilikuwa nzee. Tangi lake lilikuwa refu na jembamba, rangi imebaki pembeni tu, na taa ya mbele ilikuwa kubwa kama sahani ya pilau. Rashid, kijana aliyeiendesha kuleta mikate kutoka kisiwani, alikuwa amechuchumaa kando yake, mikono imeshika kichwa.

— Haya, sema tena, Rashid, alisema Kadhi. Sema polepole, tusikie sote.

— Hakuna jipya, Mzee. Hapa inawaka. Nikiikanyaga mara moja tu, inanguruma. Naishusha mpaka feri, nzima. Naipandisha, naizima. Tukifika ng'ambo, imekufa. Naikanyaga mpaka mguu unakufa ganzi. Naisukuma kile kilima chote, watu wananicheka. Halafu nikifika juu, ghafla inawaka yenyewe kama kwamba tulikuwa tunataniana.

— Kila siku?

— Kila siku, kwenda na kurudi, tangu mwezi wa Mfungo Mosi.

— Na mafundi wa kisiwani?

— Watatu wameitazama. Ikifika kwao imeshapona. Wanabadilisha plagi, wananiambia ni nzima.

Mwanarehema aligeuza hamri moja kwa kijiti, akasikiliza. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Pikipiki ilikuwa yake. Siku ya nikaha yake, marehemu Masudi hakuwa na kitu kingine duniani, basi alitaja mahari mbele ya mashahidi: pikipiki moja, pamoja na taa yake ya mbele. Watu walicheka mpaka shehe akawanyamazisha. Mzee Bwika alikuwa mmoja wa mashahidi hao, na alikula pilau mara mbili. Masudi alipofariki, mikate ya Rashid na mahamri ya Mwanarehema ndiyo iliyoiweka nyumba. Lakini shemeji yake, Mwidani, alikuwa amekuja juzi na kusema kwamba pikipiki ya kaka yake imekuwa mzoga, na kwamba Jumapili baada ya sala ya alasiri ataleta mtu wa vyuma vikuukuu aichukue akaikate vipande. Mwanarehema alitaka kumjibu. Lakini ni vigumu kupigania kitu ambacho kila asubuhi kinakuaibisha mbele ya feri nzima. Angeikomboaje, na yenyewe haitaki kwenda?

— Mimi nimeshajua, alisema Bwana Saa, akimimina kahawa. Ni chumvi. Umeme haupatani na chumvi. Pale katikati ya maji upepo wa chumvi unaingia ndani ya waya na umeme unaganda.

— Mbona magari hayagandi? aliuliza Rashid.

— Magari yana vioo.

— Hiyo si sababu, Gona, alisema Tarishi. Wewe umekaa huku Likoni na karabai, umeme hujauona. Mimi nauona kila siku. Kisiwani umeme uko juu ya nguzo, mkubwa, unawasha majumba. Huu wa pikipiki ni umeme mdogo. Sasa mdogo akiingia kwenye mji wa mkubwa hufanya nini?

— Hufanya nini?

— Humwamkia, akanyamaza.

Bwana Saa alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kadhi hakucheka. Alingoja wamalize, akafuta ndevu zake.

— Mnazungumza kitoto. Pikipiki hii ilimzoea Masudi. Masudi alikuwa akivuka nayo feri akiimba. Masudi hayupo. Sasa ikifika kwenye maji inakumbuka. Wallahi, pikipiki hii imekaa eda.

Sauti ikatoka chini ya makuti.

— Mzee Bwika, mimi mjane wake nimekaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka. Hiyo yake haina mwisho?

Tarishi aliruka juu akipiga makofi. Kadhi akajifanya anatafuta kikombe chake.

— Ah, Bi Mwanarehema, sisi tunatafuta dawa tu.

— Tafuteni. Alasiri haiko mbali.

Hapo ndipo walipomwona mgeni. Alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, mtu mwembamba wa makamo, amevaa suruali ya kijeshi iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alikuwa amekunywa kahawa yake bila kusema neno, jambo ambalo kwenye benchi lile halikuwa la kawaida.

— Samahani, wazee. Naitwa Ngumbao. Nimefikia kwa dada yangu hapo nyuma, natafuta kazi. Naomba kuuliza.

— Uliza, bwana, karibu.

— Huko kwenye feri, pikipiki huwa imesimamishwa vipi?

Wakatazamana. Bwana Saa alimtazama Tarishi, Tarishi akamtazama Rashid, Rashid akatazama mchanga.

— Vipi, kivipi? aliuliza Kadhi. Imesimama kama pikipiki.

— Usukani unaelekea wapi?

— Mimi sijui, alisema Rashid. Wale wa feri hawatuachi tuguse. Tangu magari yazidi baada ya vita, wanazipanga wenyewe, pikipiki na baiskeli zote pamoja ubavuni. Mimi huenda mbele na matenga yangu, yasikanyagwe.

— Na wewe, Bwana Tarishi, unayevuka kila siku?

— Mimi husoma anwani za barua, bwana.

— Basi hakuna anayejua.

Alisema bila kejeli, kama mtu anayeandika jambo kwenye daftari. Kisha akasimama.

— Mwenyewe ni nani, nimwombe ruhusa niifungue?

— Ah, fungua tu! alisema Kadhi, akipunga mkono. Hii ni pikipiki yetu sote hapa.

Mwanarehema aliopoa mahamri mawili kwenye mafuta, akayaweka kwenye ungo. Kisha alisogeza kigoda chake mpaka akaweza kuona vizuri.

Ngumbao hakufungua chochote. Kwanza aliizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma. Kisha akamwomba Rashid aiwashe. Ikanguruma kwa teke moja, na kuku wa jirani wakatawanyika. Ngumbao akashika usukani akaugeuza kulia mpaka mwisho. Pikipiki ikaendelea kunguruma. Akaurudisha katikati, akaanza kuugeuza kushoto, taratibu sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Ulipofika mwisho kabisa, pikipiki ilikohoa mara moja ikafa.

Bwana Saa aliacha kumimina.

— Rudisha! alipiga kelele Tarishi. Irudishe!

Ngumbao akaurudisha usukani. Rashid akapiga teke. Hakuna. Akapiga tena. Hakuna. Ngumbao akaishika pikipiki kwa tangi akaitikisa kwa nguvu kama mwembe, akamwashiria Rashid. Teke moja, ikawaka.

— Subhanallah, alisema Kadhi kwa sauti ndogo.

— Kwa hiyo ni... ni kushoto? aliuliza Rashid. Tatizo lake ni kushoto?

— Kwenye feri wanazibana. Wanaukunja usukani mpaka mwisho ili ienee. Mafundi wako wameipokea imeshanyooka na imeshatikiswa na kilima chote. Nao wameitafuta pasipokuwa na ugonjwa. Sasa sikilizeni. Nyinyi nyote mnatafuta waya ambao haupitishi umeme.

— Ndiyo!

— Mimi natafuta unaopitisha pasipo pake.

Aliinama karibu na mashine ndogo iliyokuwa chini ya tangi, ile inayotoa cheche, akawaonyesha waya mmoja mwembamba uliotoka hapo ukapanda kuelekea kwenye usukani.

— Waya huu una kazi moja tu, kuzima. Ukibonyeza kitufe hiki mkononi, waya unagusana na chuma, cheche zinamwagika kwenye mwili wa pikipiki, injini inakufa. Sasa kama waya huu umechubuka mahali, hauhitaji kitufe. Unajigusa wenyewe na chuma.

Akauchomoa waya ule kwenye mashine. Akamwambia Rashid awashe. Usukani ukageuzwa kushoto mpaka mwisho, ukarudishwa, ukageuzwa tena. Pikipiki iliendelea kunguruma bila kujali. Kisha Ngumbao akabana bomba la petroli, injini ikanywa tone la mwisho, ikatulia.

— Basi tumemshika! alisema Bwana Saa.

— Tumejua nyumba yake. Hatujajua chumba.

Alitoa mfukoni jiwe moja la tochi, kitaa kidogo cha tochi na vipande viwili vya waya. Huko vitani, alisema, alikuwa mtandaza waya wa simu kwenye misitu ya Bama, huko Asia. Waya wa simu ukikatika mahali, hakuna kujadiliana, unaufuata kwa vidole maili kwa maili, hatua kwa hatua, na kila hatua unaipima.

— Nahitaji uzi, alisema. Wa rangi yoyote inayoonekana.

Wanaume wakajipapasa mifukoni. Mwanarehema alikuwa ameshasimama. Alimletea kibiringo cha uzi mwekundu, ule aliokuwa akishonea kofia.

— Ahsante, Bibi. Waya huu umewahi kubadilishwa?

Kadhi alifungua kinywa, lakini Mwanarehema alijibu kabla.

— Huo haujabadilishwa. Ule wa taa ulibadilishwa mwaka wa njaa. Na huo mfupi wa honi aliuweka Masudi mwenyewe, ndiyo maana una fundo.

— Na tangi limewahi kutolewa?

— Mara moja. Mwezi wa Mfungo Mosi. Lilikuwa linavuja, akalitoa fundi mmoja wa huko juu akaliziba.

Ngumbao akamtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaitikia kwa kichwa.

— Mfungo Mosi, alirudia.

Akaunga jiwe la tochi na kitaa kati ya waya ule aliouchomoa na chuma cha pikipiki, ili waya ukigusa chuma kitaa kiwake, kisha akaigawa kazi. Kadhi alipewa kitaa akishike kwenye kiganja, akikitilia kivuli kwa kofia yake. Bwana Saa alipewa usukani. Tarishi akashika gurudumu la mbele. Watu watatu ambao kwa miaka hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya mwezi kuandama, walikuwa sasa wamenyamaza, kila mmoja mahali pake.

— Mzee Bwika, kitaa kikiwaka, sema.

— Nitasema.

— Bwana Gona, geuza.

— Kushoto?

— Kushoto. Taratibu.

— Kimewaka! Kadhi alipiga ukelele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Kimewaka, wallahi, kimewaka!

— Rudisha, itikise. Kimezima?

— Bado... kimezima!

Ngumbao alianzia upande wa kitufe. Aliushika waya kwa vidole viwili, akauvuta nje ya chuma kidogo, akasema geuza. Kadhi akasema kimewaka. Akafunga uzi mwekundu mahali hapo, maana mpaka hapo waya ulikuwa mzima, akashuka upana wa vidole vinne. Geuza. Kimewaka. Uzi. Vidole vinne vingine. Hakuharakisha, wala hakuruka hata mara moja, ingawa jua lilikuwa kali na jasho lilimchuruzika puani. Mwanarehema alimtazama, akasahau mafuta yake. Alikuwa amewaona wanaume wengi wakiipiga pikipiki ile, wakiitukana, wakiisomea. Hakuwa amemwona aliyeiuliza jambo moja kwa wakati mmoja akangoja jibu.

Uzi wa sita ulifika kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapoingilia, chini kidogo ya tangi. Ngumbao aliingiza kidole ndani ya mwanya, akauvuta waya nje.

— Geuza.

Kimya.

— Geuza, Bwana Gona.

— Nimegeuza mpaka mwisho!

— Mzee Bwika?

— Hakiwaki, alisema Kadhi. Naapa hakiwaki. Kiza tupu.

Ngumbao akalegeza waya ukarudi mahali pake ndani ya mwanya. Kitaa kikawaka. Akautoa, kikazima. Wote wanne wakainamisha vichwa pamoja mpaka vikagongana. Pale, kwenye ule waya mweusi, palikuwa na mahali pamekwaruzwa, si parefu kuliko punje ya mchele, na ndani yake shaba ilikuwa inang'aa.

— Huyo, alisema Ngumbao. Tangi liliporudishwa liliubana waya hapa. Usukani ukienda kushoto, chuma kinauma kwenye kidonda. Ukirudi, shaba inabaki imenasa kwenye ufa mpaka itikiswe.

— Kadogo hivyo? alisema Tarishi. Kadogo hivyo kamemsukumisha Rashid kilima chote?

— Wala hakuna umeme mkubwa wala mdogo, alisema Bwana Saa.

— Wala chumvi, alisema Tarishi.

— Wala eda, ilisema sauti ya Mwanarehema.

Kadhi bado alikuwa amekishika kitaa kama amana.

— Mimi ndiye niliyekiona kikizima, alisema. Mniandikie hilo.

Kidonda kilivishwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kikafungwa kwa uzi mwekundu mara nyingi, na waya ukapewa njia nyingine, mbali na tangi. Kila mtu aligusa mahali hapo kwa kidole, mmoja mmoja. Bwana Saa alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

— Hatujamaliza, alisema Ngumbao. Ugonjwa wake uko kwenye feri. Tukaipimie huko. Rashid, twende tuvuke, waibane wanavyotaka, turudi.

Waliondoka kabla ya adhana ya alasiri. Waliobaki waliingia msikitini, Tarishi akalinda dele, wakarudi. Mwanarehema alikaanga mahamri yaliyokuwa mengi kuliko wateja. Feri moja ilikuja. Haikuleta ngurumo yoyote. Ikaondoka.

Badala yake alikuja Mwidani, amevaa kanzu safi, na nyuma yake mtu mnene mwenye kamba begani na nyundo kiunoni.

— Salaam alaikum. Shemeji, hujambo? Mtu wa vyuma huyu hapa. Pikipiki iko wapi?

— Imevuka, shemeji.

— Imevuka! Mwidani alicheka. Basi iko ng'ambo, imelala. Tukaifuate huko huko.

— Ngoja kidogo, Mwidani, alisema Kadhi, macho yake kwenye maji.

— Ningoje nini, Mzee? Pikipiki ya kaka yangu nimeichoka kuiona ikisukumwa.

Feri ya pili ikagonga ukingo. Magari mawili yakashuka kutoka ferini, moja baada ya jingine. Baiskeli. Watu wenye vikapu. Mwanarehema alikibana kijiti chake mpaka kikavunjika.

Kisha ikasikika. Ilianza chini kabisa kwenye maji, ikapanda kilima bila kukatika, sauti nzito iliyonyooka. Tarishi alisimama juu ya benchi.

— Anaipanda! Ameipanda Rashid! Hasukumi!

Mtu wa vyuma aligeuza shingo. Alisikiliza kama mtu anayeonja mchuzi, akaiona pikipiki ikitokeza kwenye njia ya mchanga, Rashid mbele, Ngumbao nyuma na matenga matupu. Akaivua kamba begani.

— Hii siikati, alisema. Hii naiendesha. Nitaongeza juu ya tuliyosema. Lakini nataka hati, kitu safi. Mwenyewe ni nani?

— Ni ya marehemu kaka yangu, alisema Mwidani.

— Marehemu hatii dole gumba, bwana. Nauliza mwenyewe ni nani.

Mwidani alimtazama Kadhi, aliyekuwa siku zote na hukumu tayari. Kadhi alitazama kikombe chake, akakumbuka pilau, akakumbuka watu wakicheka na shehe akiwanyamazisha, na uso wake ukashikwa na haya. Alimnyoshea Bwana Saa kikombe apate cha kufanya. Bwana Saa aliinamisha dele. Lilitoa matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Pikipiki ilifika. Rashid alitaka kuisimamisha mbele ya benchi kama kawaida, lakini Ngumbao alimgusa bega akamwonyesha kwa kidole. Ikapita benchi, ikampita Mwidani, ikampita mtu wa vyuma, ikaenda kusimama chini ya makuti, mbele ya karai la mahamri. Ngumbao akashuka, akatoa mfukoni kibiringo cha uzi mwekundu kilichobaki, akakiweka kwenye ungo. Kisha akaweka kidole chake juu ya kitufe cha kuzimia, bila kukibonyeza.

— Bibi, aliuliza, akipaza sauti juu ya ngurumo. Niizime?

Mwanarehema alifuta mikono kwenye leso yake, akalitazama benchi zima, mmoja mmoja.

— Iache kidogo, alisema. Wasikie.